Mabingwa wa ngeli wanaangushwa na S

Mtoto wa miaka minne pale Tanga hajui kusoma wala kuandika, ila mwambie "kiti limevunjika" uone atakavyokucheka. Anajua kiti kimevunjika, viti vimevunjika, mti umeanguka, miti imeanguka. (Wenzetu wa Nairobi, wenye "kiti imevunjika" yao, leo nawaacha wapumzike.) Miaka inapita, mtoto huyohuyo anaingia kidato cha kwanza, anaandika "My father work in a shop", na mwalimu anaizungushia kalamu nyekundu kana kwamba mwanafunzi hajawahi kusikia kwamba kitenzi humfuata mtenda.

Kosa hilo mimi simtwiki mtoto. Upatanisho wa kisarufi wa Kiingereza tunaufundisha kama wimbo: "he, she, it, weka s!" Darasa linaitikia, kengele inalia, basi. Hakuna anayemwambia kwamba jambo lenyewe analijua tangu hajaota meno ya ukubwani.

Tena s yenyewe ni kigeugeu. Jana kafundishwa kwamba s ni ya wingi: boy, boys. Leo imehamia kwenye kitenzi na imekuwa ya umoja: the boy plays, the boys play. Anayeandika "the boys plays" amefuata mantiki ya "vitabu vimepotea", kwamba sauti ya mbele ndiyo ijibiwe nyuma. Kwa Kiswahili angepata vema.

Lakini kosa ninalolipenda kuliko yote ni "Does she likes tea?" Hicho ni Kiswahili kitupu kilichovaa suti. Sisi husema "alikuwa anapika", "watakuwa wamefika": vitenzi viwili, na kila kimoja kinadai kiambishi chake cha nafsi. Kiingereza ni bahili. S ni moja tu. Ikishachukuliwa na "does", "like" inabaki mikono mitupu. Mwalimu akiandika ubaoni "alikuwa anapika" juu na "does she like" chini, akauliza nani kabeba nini, atakuwa amefundisha zaidi ya kurasa mbili za kujaza nafasi.

Kuna mahali ambapo Kiswahili kinatupa jibu bure kabisa. Barua za ofisini zimejaa "The price of mangoes have gone up", zimeandikwa na watu wenye shahada. Nani kati yao angesema "bei ya maembe yamepanda"? Kilichopanda ni bei, na Mswahili haangalii maembe yaliyosimama karibu na kitenzi. Vilevile "kila mtu ameondoka" ni umoja, kama "everybody has left". Habari ndizo zinatuponza: kwetu "habari hizi zimetushtua", kwao "the news is". Hapo hakuna ujanja, kariri tu.

Na tusidhani wenye lugha wenyewe wamekubaliana. Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 inasema "he maketh" badala ya "he makes" ya leo, kwa kuwa kiishio cha kusini mwa Uingereza kilikuwa -eth. S ilishuka kutoka kaskazini na mwishowe ikashinda. Huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, lahaja ya wenyeji mpaka leo ina "she go", bila s, na ni Waingereza hasa. Timu ikicheza, Mwingereza anaweza kusema "the team are", Mmarekani hung'ang'ania "is". Mtihani haujali historia hiyo, najua, na s lazima iandikwe. Ila mwenye kumcheka mtoto kwa ajili ya herufi hiyo apunguze sauti.

Pingamizi nimeshalisikia: ukileta Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza, watoto hawatazungumza Kiingereza kamwe. Zipo shule zinazoadhibu kabisa. Sasa mwalimu wa namna hiyo anamkataza mwanafunzi kutumia sarufi pekee anayoijua barabara, kisha anashinda wiki nzima akimfundisha upya kwamba mmoja na wengi havisemwi sawa.