Maji ya Jumapili ni kazi ya mtoto wa kike tu?

Jamani, hili linanichoma. Wiki nzima mfereji wa kwetu mkavu, kisha maji yanatoka Jumapili asubuhi, saa ile ile ya misa. Lazima mtu abaki kujaza madumu na mapipa. Anayebaki ni nani? Mpwa wangu wa kike, siku zote. Kaka zake wameshavaa, wameshapanda daladala kwenda kanisani Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Na yeye ndiye mwanakwaya! Anafanya mazoezi jioni baada ya skuli, ikifika Jumapili sauti yake haisikiki, yuko uani na ndoo. Kanisa lenyewe limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873. Mimi nikikaa mle ndani namkumbuka yeye, naumia.

Misa ikisha, wageni. Shangazi, wajomba, watoto wao. Karibuni sana, sisemi wasije, ndugu ni kutembeleana. Lakini yule yule aliyeteka maji ndiye akune nazi, apike, apakue, aoshe masinia. Akikaa tu, anaitwa alete maji ya kunawa. Vijana wa kiume wamejinyoosha barazani wanazungumza mpira. Mwambie mmoja ashike ufagio, shangazi anadakia: "Mwache mwanangu, hiyo kazi ya kike."

Dumu la lita 20 ni la kike tangu lini? Wenye misuli si hao hao?

Nimeshamwambia mama yao: Jumapili ijayo kaka mkubwa abaki na madumu, dada yake aende akaimbe.