Jina Lako Kwenye Bima ya Mkandarasi Halitoshi

Kila nipitapo Kileleshwa na kuona kreni imenyoosha mkono juu ya mapaa ya majirani, nawaza: kikianguka kitu pale, nani atalipa, na hadi kiasi gani? Mimi ni broka wa bima hapa Nairobi, na faili zinazonikosesha usingizi ni za mjengo.

Mama mmoja mwenye ploti Kilimani alikuja ofisini na cheti cha bima cha mkandarasi wake. Mbao za slabu zilikuwa zimeporomoka upande wa jirani, zikaponda magari mawili na kumuumiza mlinzi uti wa mgongo. Wakili alikuwa amewashtaki wote wawili, mkandarasi na yeye. Jina lake lilikuwa kwenye cheti kama mtu aliyeongezwa kwenye bima.

"Si niko ndani?" akaniuliza.

"Uko ndani, Mama. Lakini tusome kwanza uko ndani ya nini."

Mkandarasi alikuwa na bima ya dhima, ile inayolipa madhara unayowasababishia wengine, ya shilingi milioni 5, na juu yake bima ya mwavuli ya milioni 20. Mwavuli haulipi shilingi ya kwanza. Unasubiri bima ya chini ifike kikomo, ndipo uendeleze. Unaweza kukaa juu ya bima kadhaa kwa pamoja: dhima kwa umma, dhima ya mwajiri, hata magari. Na mkandarasi akiiacha bima ya chini ife, mwavuli haushuki kuziba pengo. Pengo ni la mfuko wake.

Kesi ilimalizwa nje ya mahakama kwa milioni 8. Milioni 5 zilitoka bima ya chini kwa niaba ya wote wawili. Katika milioni 3 zilizobaki, mwavuli ulimlipia mkandarasi sehemu yake. Sehemu ya Mama haukuigusa, kwa sababu maneno ya mwavuli yalisema aliyeongezwa atalindwa kwa kiasi kilichotajwa kwenye kandarasi tu, na kandarasi yao ilitaja milioni 5. Aliuza gari lake ili alipe.

Sentensi moja. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu kabla ya msingi kuchimbwa ingerekebishwa kwa kalamu na dakika kumi.

Kuna jambo lingine wenye majengo hawaambiwi: kuongeza majina hakuongezi pesa. Mwenye ploti, benki iliyomkopesha na mkandarasi mkuu wote wakiongezwa, wanagawana kikomo kilekile. Ndiyo maana naona ni dhuluma mkandarasi mkuu anapomlazimisha fundi mabomba wa Ngara, mwenye kibima cha milioni 2, abebe majina ya watu watano wenye uwezo kumshinda. Ajali ikitokea, wakubwa wanamaliza kile kikomo na fundi anabaki uchi.

Halafu kuna suala la kosa ni la nani. Kwa kawaida aliyeongezwa hulindwa dhidi ya madai yanayotokana na kazi ya mkandarasi. Kama ni injinia wako mwenyewe aliyeamuru mbao zitolewe kabla zege halijakomaa, usitarajie bima ya mwenzako ikubebe. Na kazi ikishakabidhiwa? Marekani wana viambatisho viwili tofauti, CG 20 10 kwa kazi inayoendelea na CG 20 37 kwa kazi iliyokamilika, na mwenye kimoja asidhani anacho cha pili. Hapa kwetu tafuta kipengele cha fidia kwa mwenye mradi, ukisome mpaka mwisho wake.

Sheria yetu ya majeraha kazini ya 2007, ile tunayoiita WIBA, inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Mwavuli haimlazimishi. Huo unaupata kwa kuudai ndani ya kandarasi, ukitaja kiasi kamili na kuandika wazi kwamba ulinzi wa aliyeongezwa unafika hadi kwenye mwavuli. Kisha omba nakala ya bima yenyewe. Cheti hakibadilishi neno hata moja ndani ya bima.

Mwezi uliopita Mama yule alirudi. Anajenga tena, Ruaka, na safari hii alileta rasimu ya kandarasi kabla ya kutia sahihi. Kiasi kilichotajwa kilikuwa milioni 5 tena. Tulikikata pamoja, tukaandika 25.