Hati Ipi Itangulie Katika Toleo Jipya la "The Hebrides"?

Tarehe 7 Agosti 1829, mtunzi wa muziki Mjerumani Felix Mendelssohn, akiwa safarini magharibi mwa Scotland, aliwaandikia jamaa zake wa Berlin na kuwapelekea mwanzo wa lahani iliyomjia. Lahani hiyo ndiyo iliyozaa ovacha (kipande cha okestra cha kufungulia tamasha) ya "The Hebrides", jina la visiwa vya huko magharibi mwa Scotland: ilikamilika kwanza Roma, Desemba 1830, ikapigwa London tarehe 14 Mei 1832, ikarekebishwa tena huko huko mwezi uliofuata, na nota za okestra nzima zikachapwa Leipzig mwaka 1835. Anayeandaa toleo jipya la kitaalamu hapungukiwi na hati, zinamzidi.

Wanaotetea chapa ya 1835 wana hoja nzito. Ilitoka mtunzi akiwa hai, na ni yeye aliyeikataa kazi yake ya awali: kutoka Paris, Januari 1832, aliandika kwamba sehemu ya katikati ilinukia ufundi wa kusuka sauti kuliko mafuta ya nyangumi, shakwe na samaki wa chumvi. Kumrudishia alichokifuta ni kumwamulia.

Hata hivyo, chapa hupita mikononi mwa mnakili na fundi wa kuchonga sahani za kuchapia. Fidla na selo zinapopiga lahani moja kwa alama tofauti za kuunganisha nota, hiyo ni nia ya mtunzi au ni kuteleza kwa fundi? Bila hati ya mkono, mhariri anakisia tu. Hata jina lina utata: nota za okestra nzima ziliitwa "Pango la Fingal", pango la ufukweni katika kisiwa kimojawapo cha huko, ilhali za wapigaji mmoja mmoja ziliitwa "The Hebrides", na pango lenyewe Mendelssohn alilifikia tarehe 8 Agosti, siku moja baada ya kuiandika lahani ile.

Naona marekebisho ya Juni 1832 ndiyo yawe msingi, yakilinganishwa na chapa alama kwa alama, na pale mhariri anapoamua, aonyeshe wazi kwamba uamuzi ni wake. Nisichokubali ni kuchukua kipande cha Roma na kukipandikiza katika kazi ya London, kwani huko ni kutunga ovacha ambayo Mendelssohn hakuiandika kamwe. Toleo la Roma lichapwe zima, peke yake. Gharama itapanda, nayo ni kero ya kweli kwa okestra ndogo, lakini vipande vilivyotawanywa katika maelezo ya chini ya ukurasa haviwezi kupigwa, na sehemu ile iliyomkera mtunzi inastahili kusikika mahali pake.