Ramani ya Nairobi Kichwani Mwangu

Shangazi yangu wa Ahero alikuwa hajawahi kuvuka Nakuru. Mwezi wa nne binti yake akajifungua huko Kawangware, Nairobi, na bibi ni bibi: akafunga omena kwenye gunia, akamkamata jogoo, akapanda basi la asubuhi. Mpango ulikuwa apokelewe Accra Road. Basi likafika, mpokeaji hayupo, simu ya binti imezimwa. Akanipigia mimi. Nami wakati huo nilikuwa kwa kinyozi, Kondele, hapa Kisumu, shuka shingoni, nusu ya kichwa imeshanyolewa.

"Weka spika," kinyozi akasema. "Nairobi nimenyoa ujana wangu wote. Gikomba, Burma, kote huko."

Akaishika simu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na mashine, na mashine inanguruma.

"Mama, uko Accra Road? Sawa. Shuka nayo moja kwa moja mpaka Tom Mboya." Mashine ikashuka nayo moja kwa moja, kutoka utosini mpaka kwenye paji la uso. "Hapo kata kushoto." Ikakata kushoto.

"Bosi..." nikaanza.

"Tulia, usimchanganye mama. Sasa nenda hivyo hivyo mpaka Ambassadeur." Ambassadeur ikawa juu ya sikio langu. "Hapo tafuta gari namba 46. Na usiulize mtu yeyote njia! Nairobi wakijua wewe ni mgeni, umekwisha."

Jamani. Mama mzima, leso kiunoni, jogoo kwapani, omena zinanuka barabara nzima, eti asijulikane ni mgeni.

Kwenye benchi kulikuwa na mzee mstaafu wa reli, ambaye huja pale kusoma gazeti na hajawahi kunyolewa hata siku moja. Akakunja gazeti. "Mnaanza vibaya. Nairobi mtu huanzia stesheni. Mji wenyewe ulikuwa kambi ya reli tu, 1899, kinamasi kitupu, na reli ilipofika hapa Kisumu 1901..." Salio la Shangazi likaishia hapo, kwenye kinamasi.

Nilipoweka salio langu na kumpata tena, Shangazi alikuwa tayari ameketi ndani ya matatu. Namba ngapi? Hakuangalia. Makanga alinyakua gunia la omena, naye akalifuata gunia lake.

"Unaona nini nje?" kinyozi akauliza.

"Naona barabara imepandishwa juu ya barabara nyingine, kwa nguzo."

"Hakuna kitu kama hicho. Mama, ulikula nini pale Nakuru?"

Kijana mmoja fundi wa mjengo, aliyekuwa akingoja zamu yake, akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo ni Expressway, imefunguliwa 2022. Wewe ulitoka huko mwaka gani?" Kinyozi akajifanya hajasikia. Shida, fundi akasema, ni kwamba hiyo barabara inatoka Mlolongo mpaka Westlands, kilomita 27, na mama anaweza kuwa popote hapo katikati.

"Halafu kuna ndege," Shangazi akaongeza. "Zinapita chini sana. Hata jogoo ameficha kichwa."

"Wilson!" akasema kinyozi. "Embakasi!" akasema fundi. Viwanja viwili vya ndege, benchi likagawanyika. Mama muuza samaki wa mlango wa pili, ambaye mji wake wa mbali kabisa ni Kericho, akaunga mkono Wilson, tena kwa sauti.

Mara Shangazi akatangaza kwamba ameshushwa, gari limefika mwisho, na makanga anataka nauli ya jogoo. Mvua ndiyo kwanza imekatika. Fundi akampokonya kinyozi simu.

"Mama, angalia viatu vyako. Matope ni mekundu au meusi?"

"Meusi tititi. Yananata kama ugali wa wimbi, kiatu kimoja kimebaki huko nyuma."

"Basi ni Embakasi." Akatugeukia kama mwalimu. Kawangware, Dagoretti, Karen, upande huo wote udongo ni mwekundu. Ukienda mashariki, mji unashukia tambarare ya Athi, na huko ardhi ni ule udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Mjenzi mwenye akili huuchimba na kuutupa kabla ya kuweka msingi. "Nimeuchimba pale Pipeline mpaka mgongo ukalia. Mama yenu na mjukuu wake, Nairobi yote iko katikati."

Kwa mshtuko kinyozi akaanza kumrudisha mjini, kutoka sikio langu la kushoto kuelekea la kulia. Alipofika katikati stima ikapotea.

Shangazi naye alikuwa ameshatuchoka. Akakata simu, akauliza njia. Muuza mahindi wa kwanza kabisa akamjibu kwa Kijaluo, kumbe ni mtu wa Nyakach. Akampandisha gari sahihi, akamwachia makanga maagizo, na saa mbili usiku bibi alikuwa amempakata mjukuu. Hayo niliyajua kesho yake, maana simu yangu ilizimika kwa kukosa chaji, na Kondele nzima ililala ikijua mama wa watu amepotea Nairobi.

Kichwa kile jirani alikimaliza kwa wembe. Kipara safi.

Sasa, kwetu mtu akionekana ghafla na kipara, kuna matanga. Asubuhi sijapiga hata mswaki, mama muuza samaki huyo mlangoni, kilo mbili za sukari mkononi, analia. Mzee wa reli akaleta viti. Nikieleza ni mashine, wananishika bega: "Ni mshtuko, mwache aongee." Kufikia saa nne vijana wanabishana bei ya gari la kuleta mwili, na daftari la michango limefunguliwa, jina la kwanza kinyozi, shilingi 500.

Stima ikarudi, nikachomeka simu, ikaita hapo hapo.

"Wewe mtoto," Shangazi akasema, "nasikia nimekufa. Hebu nitumie hiyo michango, nina kiatu kimoja tu huku."