Wali kwa Kipimo, Kitoweo Bila Kipimo

Kwa mtu aliyezoea chakula cha mama lishe wa Dar es Salaam, kinachoshangaza zaidi katika mgahawa wa mtaani jijini Seoul si pilipili, wala vile vijiti vya chuma vinavyoteleza mkononi, bali ni jinsi sahani ilivyopinduliwa. Kwetu wali hupakuliwa hadi ukafanya kilima, na nyama ndiyo inayohesabiwa: vipande viwili, au vitatu ikiwa mwenye sufuria ameamka vizuri. Huku wali ndio wenye kipimo, na kitoweo hakina.

Mgahawa ninaokula mara kwa mara uko Imun-dong, mtaa wa wanafunzi ulio jirani na Chuo Kikuu cha Hankuk cha Masomo ya Lugha za Kigeni, ambacho kampasi yake ya Yongin hufundisha hata Kiswahili. Chakula chake kikuu ni baekban, yaani bakuli la wali, supu au mchuzi wa soya iliyochachushwa, na vitoweo vidogo vitano au sita ambavyo mteja haviagizi wala havilipii peke yake. Siku moja utaletewa dagaa waliokaangwa kwa sukari kidogo na mchuzi wa soya, machipukizi ya soya yaliyotiwa mafuta ya ufuta, spinachi iliyochemshwa ikakamuliwa, na kimchi, yaani mboga iliyochachushwa, ambayo haikosekani kamwe. Vikiisha, unaomba tena, na unaletewa bila kuongezewa hata won moja, fedha ya huku. Vyote hivyo huitwa banchan, na sioni haja ya kulitafutia neno hilo tafsiri, kwa kuwa kitoweo ndicho hichohicho.

Kiswahili na Kikorea vinaelewana mezani kuliko nilivyotarajia. Mkorea hutofautisha mpunga, mchele na wali kwa maneno matatu, byeo, ssal na bap, kama tunavyofanya sisi. Na hilo bap humaanisha pia mlo wenyewe, kiasi kwamba kuuliza kama mtu amekula wali ni namna ya kumjulia hali. Anayehudumu naye huitwa imo, dada wa mama, ambaye sisi tungemwita mama mdogo au mama mkubwa. Nilipomwita hivyo mara ya kwanza nilihisi kama ninajipendekeza, lakini ndivyo meza zote zilivyomwita.

Kipimo cha wali kina historia yake. Katika miaka ya 1970, mchele ulipokuwa haba, serikali ilibana matumizi yake, na mwaka 1976 Seoul iliitaka migahawa itumie bakuli la chuma lenye kipenyo cha sentimita 10.5 na kina cha sentimita 6. Mchele sasa si adimu tena, lakini bakuli lenye kifuniko limebaki, na katika mgahawa huu bakuli la pili hulipiwa won 1,000.

Kwa maoni yangu, mgeni anayetaka kujua mapishi ya Kikorea hukosea anapokimbilia kwanza nyama ya kuchoma mezani. Nyama hiyo ni tamu, sikatai, ila mara nyingi ni ya nguruwe, na migahawa mingi ya aina hiyo haipokei oda ya mtu mmoja. Zaidi ya hayo, mlaji ndiye anayeichoma, kwa hiyo haikwambii mengi kuhusu mpishi. Dagaa na spinachi ndivyo vinavyosema kama mwenye jiko aliamka mapema. (Asiyekula nguruwe aulize hata hapa, kwa sababu mchuzi wa kimchi aghalabu hupikwa na nyama hiyo.)

Ukarimu huu una gharama, na wateja tunachangia kuiongeza. Tangu mwaka 2009 kanuni zinakataza kumpelekea mteja mwingine kitoweo kilichobaki mezani, na ni haki kabisa, lakini maana yake ni kwamba kila kisahani kinachoombwa kwa ulafi kisha kikaachwa huishia jaani. Pia migahawa mingi imeweka vishikwambi mezani, ambapo nyongeza ya kimchi huombwa kwa kugusa picha. Ni kweli kwamba vinamsaidia mwenye duka asiye na wafanyakazi wa kutosha. Hata hivyo mimi huona haya kugusa picha mara ya tatu, ilhali imo, akikiona kisahani kitupu, hakusubiri umwite.

Vuli ya mwaka 2024, kabichi ya Kichina ilipopanda bei kupita kiasi, nilidhani kipimo kingefika hata kwenye vitoweo. Imo aliiondoa kimchi ya kabichi, akaweka ya figili iliyokatwa vipande vya mraba, bila kueleza lolote. Nilipomaliza kisahani cha kwanza, alileta cha pili.