Ukifika Westminster, usikate tiketi

Ndugu zetu wakienda London hurudi na picha zilezile: saa ya Bunge, basi jekundu, na Westminster Abbey kwa nje. Ukiuliza mbona hawakuingia, jibu ni kiingilio. Kweli ni ghali, takriban pauni 30 kwa mtu mzima. Ila anayekwenda kusali halipi hata senti. Siku nyingi za juma Sala ya Jioni huimbwa saa kumi na moja, na mlango uko wazi kwa yeyote. Ushauri wangu ndio huo: acha tiketi, nenda saa ya sala. Sisemi hivyo kwa ubahili, ingawa ubahili nao haukukosekana siku ile.

Mimi ni Mwanglikana wa Muheza, nimelelewa na kengele na ubani wa misheni ya Magila. Neno abasia, ndiyo hiyo Abbey, lilinichanganya kidogo. Kwetu ukisema abasia mtu anafikiria Ndanda au Peramiho, ambako wamonaki wapo, wanalima, wana karakana na hospitali. Westminster nayo ilikuwa hivyo. Wabenediktini walikaa pale tangu karne ya 10. Mfalme Edward akawajengea kanisa lililowekwa wakfu Desemba 1065, siku chache kabla hajafa, kisha Henry III akaanza kulijenga upya mwaka 1245. Mwaka 1540 Henry VIII akaifunga monasteri. Wamonaki wakaondoka, jina likabaki. Leo si kanisa kuu la dayosisi wala si parokia yenye waumini wake. Halina askofu juu yake, liko chini ya mfalme moja kwa moja.

Foleni ya wasali inaingilia mlango mkubwa wa magharibi. Ukiwa pale inua macho. Juu ya mlango zimepangwa sanamu kumi za mashahidi wa karne ya 20, zilizowekwa mwaka 1998. Ya tatu kutoka kushoto ni Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda, aliyeuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Nilikuwa nimeshawahi kusoma kwamba yupo. Kumwona pale, safu moja na Martin Luther King, ni jambo jingine.

Mlangoni mhudumu hakuniuliza tiketi. Aliuliza tu, "Umekuja kusali?" Nikasema ndiyo, nikapita.

Tuliketishwa ndani, karibu kabisa na kwaya, wavulana na watu wazima. Nikiri kwamba robo saa ya kwanza nilikereka. Kwetu ibada ni koo la kila mtu. Mama wa safu ya nyuma ndiye anayeanzisha pambio. Hapa kwaya inaimba na wewe unanyamaza. Zaburi nzima, wewe kimya. Nilijiona kama mgeni aliyealikwa karamuni akaambiwa atazame wenzake wakila. Kisha nikazoea, na kukaa kimya kukawa kazi yenyewe. Sijui lini mara ya mwisho nilisikiliza Zaburi kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho bila kuwaza nauli au simu. Kwetu, tuseme ukweli, Sala ya Jioni tumemwachia padre na katekista.

Halafu wakafika kwenye Wimbo wa Maria. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtalii anapunjwa. Mtalii anaonyeshwa makaburi ya wafalme na kiti cha kutawazia. Anaambiwa kwamba tangu William, Krismasi ya mwaka 1066, hadi Charles mwaka 2023, taji huvalishwa hapa. Ni kweli yote. Lakini hasikii watoto wakiimba, hatua chache tu kutoka kwenye makaburi hayo: "Amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi, wanyonge amewakweza." Na maneno hayo huimbwa pale jioni baada ya jioni. Wafalme wamelala, wanasomewa habari yao.

Lakini kuna jiwe moja ambalo wimbo huo bado haujalifikia. Katikati ya ukumbi wa kanisa, sakafuni, yuko David Livingstone, aliyezikwa Aprili 18, 1874. Jiwe lake linaanza kwa kusema kwamba aliletwa na mikono ya uaminifu kupitia nchi kavu na bahari. Mikono! Mikono ya nani? Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Wenzake wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua, wakaufunga, wakaubeba miezi kadhaa hadi Bagamoyo. Waliongozwa na Abdullah Susi na James Chuma. Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India, ndiye aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza, na siku ya mazishi alikuwa miongoni mwa waliolisindikiza humohumo kanisani. Susi na Chuma walifika Uingereza maziko yameshapita. Chuma alifia Unguja mwaka 1882, Susi hukohuko mwaka 1891, na Wainwright alifia Urambo mwaka 1892.

Jiwe limepata nafasi ya kutaja tarehe na mahali alipozaliwa Livingstone, na kijiji alichofia. Majina matatu yangeshindwa kuenea? Najua lilichongwa zamani, na sitaki lifutwe. Kibao kidogo pembeni kingetosha. Mimi Ukristo wangu umepitia mkondo huo: hotuba ya Livingstone Cambridge mwaka 1857 ndiyo iliyozaa UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu kwa Afrika ya Kati, na UMCA ndiyo iliyojenga Magila. Kwa hiyo nadai kama mtu wa nyumbani.

Ibada ilipokwisha tukaongozwa kutoka. Nilipofika kwenye jiwe nikapunguza mwendo. Nikayataja kwa sauti ya chini: Susi, Chuma, Wainwright. Nilikuwa nataka kuongeza Halima, mpishi wao, lakini mhudumu alishaniashiria nisogee. Nilikuwa nimewazibia njia watu wa nyuma.