Joto si habari, habari iko darasani
Nimesoma makala kuhusu kufundisha Bangkok, Thailand: eti kinachomshtua mwalimu mgeni akifika huko ni joto na foleni! Labda anayetoka Ulaya. Sisi wa Dar tumezaliwa navyo. Kilichonishangaza mimi ni saa 2 asubuhi: wimbo wa taifa ukipigwa, hata kituo cha treni watu wanasimama wima mpaka uishe. Shuleni ni mstarini kama kwetu, bendera inapanda. Ila darasani, ukiuliza swali wanatabasamu, wanatazamana, kimya. Hakuna anayetaka kukosea mbele ya wenzake. Na kichwa cha mtoto usikishike, hata kwa kumpongeza. Kibali cha kazi makala imekigusa juu juu tu. Wabongo mliofundisha huko, usaili mlipitaje, au nanyi mliambiwa wanataka Wazungu?